Mbona Mathilde Hakusema Tu?

Kila mtu ninayemjua aliyesoma La Parure, hadithi fupi ya Guy de Maupassant kuhusu mkufu wa almasi, anaikumbuka kwa maneno yake ya mwisho. Mkufu ulikuwa feki. Miaka kumi imeenda na maji. Halafu wanaifupisha: mwanamke mwenye tamaa ya makuu, akapata alichokitafuta. Nimeusikia usomaji huo kwa walimu, kwa marafiki, hata kwa wale jamaa wa mawaidha ya pesa wanaohitaji mfano wa haraka wa mtu aliyeishi juu ya uwezo wake. Mimi siukubali. Na nadhani jinsi tunavyoung'ang'ania inasema kitu kuhusu namna tunavyomtazama mtu aliyechoma pesa, hasa mtu huyo akiwa ndiye tunayemwona kwenye kioo.

Hadithi yenyewe ilitoka Februari 1884 katika gazeti la Le Gaulois, Paris. Mathilde Loisel ameolewa na karani wa Wizara ya Elimu. Mume analeta mwaliko wa dansi kwa waziri akidhani mke atafurahi. Mke analia kwa sababu hana nguo ya kuvaa. Mume ana faranga 400 alizoweka kando anunue bunduki, akawinde ndege na marafiki zake Nanterre msimu wa joto. Anazitoa. Nguo inanunuliwa. Bado shingo iko tupu, kwa hivyo Mathilde anaenda kwa rafiki yake mwenye nazo, Madame Forestier, na kuazima mkufu. Usiku wa dansi hakuna mrembo kumshinda. Alfajiri, mbele ya kioo nyumbani, mkufu haupo.

Wasomaji wengi wakifika hapa huongeza mwendo, kwa sababu wanajua mwisho unawangoja. Mimi naomba tukae kidogo, maana swali langu liko hapa. Mathilde amekosea nini hasa? Kutamani kupendeza usiku mmoja si kosa la miaka kumi. Kupoteza kitu cha kuazima ni ajali, na ajali ina dawa inayojulikana: unaenda kwa mwenyewe, unasema. Kosa lililowamaliza liko kwenye barua. Baada ya kurudia njia yote kwa miguu, kwenda polisi, magazetini na kwenye kampuni za magari ya farasi, mume anamshauri mkewe amwandikie Madame Forestier kwamba kifungo cha mkufu kimevunjika na wamepeleka kitengenezwe. Yeye anatamka, Mathilde anaandika. Ni uongo mdogo, wenye adabu, wa kununua muda. Yeyote aliyewahi kumwambia landilodi "Ijumaa sikosi" anaijua barua hiyo.

Na muda ulionunuliwa na barua hiyo ndio unaotumika kukopa. Katika duka moja la Palais-Royal wanapata mkufu unaofanana. Bei ni 40,000. Wataachiwa kwa 36,000. Mume ana 18,000 za urithi wa baba yake. Nusu iliyobaki anaikusanya kwa vipande: elfu kwa huyu, mia tano kwa yule, sarafu chache kwa mwingine, na hati za ahadi kwa walanguzi wa riba, akitia sahihi bila kujua kama ataweza kuziheshimu. Toa farasi na kofia ndefu, hiyo ni simu ya mtu wa Umoja tarehe 25: M-Shwari imejaa, Fuliza imeguswa, apu ya tatu imekopwa ili ilipe ya kwanza, na kuna elfu mbili za binamu ambazo hazina tarehe.

Kuna jambo jingine la usiku ule ambalo muhtasari wa "tamaa ya makuu" hulificha. Dansi inapoisha, mume anamtupia Mathilde mabegani nguo zake za kila siku za kuzuia baridi. Mathilde anaona aibu. Wanawake wenzake wanajifunika makoti ya manyoya, naye hataki wamwone, kwa hivyo anateremka ngazi mbio. Nje hawapati gari. Wanatembea wakitetemeka hadi mtoni Seine ndipo wanapata kibovu kimoja. Maupassant hasemi mkufu ulianguka wapi. Lakini haraka ile ilikuwa haraka ya aibu, na barua ya siku iliyofuata ilikuwa aibu ileile ikiwa na kalamu mkononi. Mtu huyu hafilisiwi na tamaa. Tamaa ilimgharimu nguo ya faranga 400. Aibu ndiyo iliyomgharimu 36,000, na riba juu yake.

Ndiyo maana nashtuka nikiona hadithi hii ikitumiwa kuwaaibisha watu zaidi. Aibu tayari ni biashara hapa kwetu. Kwa miaka kadhaa baadhi ya apu za mikopo zilikuwa zikipigia simu watu walio kwenye simu yako ukichelewa kulipa: bosi, mchungaji, msichana uliyeachana naye 2017. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zilipiga marufuku tabia hiyo, pamoja na vitisho na matusi. Fikiria kwamba ilibidi sheria iandikwe. Waliobuni mbinu hiyo walikuwa wamemwelewa Mathilde kuliko walimu wangu wa fasihi: walijua mtu atakopa kwa riba yoyote ile mradi shangazi asijue. Madame Forestier angalau hakuwa na namba ya shangazi.

Miaka kumi inafuata. Mfanyakazi wa nyumbani anaachishwa. Wanahamia chumba cha juu kabisa chini ya paa. Mathilde anasugua masufuria, anabeba maji ngazi hadi ngazi, anabishana na wauzaji senti kwa senti sokoni. Mume anarudi kazini usiku, ananakili maandishi ya watu kwa sou tano kila ukurasa. Maupassant, ambaye alitumia kurasa nzima kwenye nguo na dansi, anaipitisha miaka hii kwa aya chache tu. Nadhani alijua kwamba miaka ya kulipa deni haina matukio.

Kisha Jumapili moja, Champs-Élysées, Mathilde anamwona Madame Forestier akitembea na mtoto, bado kijana, bado mzuri. Anajiuliza kama amsemeshe. Anaamua ndiyo, na sababu anayojipa ndiyo moyo wa hadithi yote kwangu: sasa kwa kuwa amemaliza kulipa, anaweza kusema. Kumbe kwa miaka kumi aliamini kwamba ukweli ni kitu cha kununuliwa. Kwamba mwenye deni hana haki ya kufungua mdomo mpaka daftari lisome sufuri. Anafika akiwa amelipa hadi shilingi ya mwisho, anafungua mdomo, na mazungumzo ya dakika moja yanamjulisha kwamba kitu alichopoteza kilikuwa na thamani ya faranga 500 kwa kupindukia. Mazungumzo hayohayo yangefanyika asubuhi ile ya kwanza.

Kwa hivyo swali la kujisamehe linakaa mahali tofauti na tunapoliweka. Sisi tunaliweka mwishoni, kama zawadi: lipa, teseka kiasi cha kuonekana, halafu ujiachilie. Katika La Parure linahitajika mwanzoni, siku ile mkufu umepotea, kwa sababu bila kujiachilia kidogo Mathilde hawezi hata kupanda ngazi za rafiki yake na kubisha hodi. Na uthibitisho kwamba mateso hayageuki kuwa msamaha yenyewe tu upo palepale barabarani. Mathilde amelipa kila kitu, lakini kitu cha pili anachomwambia Madame Forestier ni kwamba taabu yote hiyo ni kwa ajili yake. Lawama haikuisha na deni. Ilikuwa imekaa miaka kumi ikitafuta mtu wa kumwangukia.

Kiswahili kina utata hapa ambao naupenda. Kusamehe ni neno la moyo na ni neno la daftari pia: mwenye duka husamehe deni. Wanaosali Sala ya Bwana kwa maneno ya Mathayo katika Biblia ya Union Version huomba wasamehewe deni. Wakatoliki, sala ileile, huomba wasamehewe makosa. Kwenye mazishi ya familia mchanganyiko utasikia maneno hayo mawili yakigongana hewani, kila upande ukiongeza sauti. Mimi huona pande zote mbili ziko sawa, ila zinaongelea akaunti mbili. Deni husamehewa na anayedai. Mtu akikuambia kwamba amejisamehe mkopo wa SACCO, huyo hajajisamehe, huyo ametoroka. Lakini lawama, ile sauti ya saa nane usiku inayokukumbusha ulivyotuma ile laki kwa broka wa shamba ambaye hakuwa na shamba, hiyo mdai na mdaiwa ni mtu mmoja. Huko ndiko ji- ya kujisamehe ina kazi. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa, na walisema kweli. Hawakusema dawa ya lawama.

Nisieleweke kwamba ninamtetea kila anayejisamehe haraka. Fasihi inamjua vizuri mtu huyo naye. Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri The Merchant of Venice, ikatoka mwaka 1969, aliwaita wale wafanyabiashara mabepari: Mabepari wa Venisi. Ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, kwa hivyo hakuna wa kushangaa. Lakini mhusika ninayemtaka mimi si Shailoki wala Antonio. Ni Bassanio, kijana mtanashati anayeanza mchezo akiwa amekula mali yake yote kwa kuishi maisha makubwa kuliko mfuko. Anakiri hilo waziwazi. Anakiri pia kwamba mtu anayemdai zaidi ya wote ni Antonio, rafiki yake. Halafu, kabla hata kiti hakijapata joto, anamwomba Antonio amkopeshe tena, na anampa sababu: utotoni, akipoteza mshale mmoja, alikuwa anarusha wa pili upande uleule ili auangalie vizuri unakoangukia, na mara nyingi aliipata yote miwili.

Soma hoja hiyo tena polepole. Hiyo ni hesabu ya mcheza kamari. Mkeka ukichanika Jumamosi, unaweka mwingine Jumapili "wa kurudisha tu ile ya jana". Shakespeare ameiweka kwenye mdomo wa kijana mwenye maneno matamu, na kwa sababu tunampenda tunaisikia kama ujasiri. Bassanio hana shida yoyote ya kujisamehe. Anajisamehe katikati ya sentensi. Lakini ducati 3,000 za mshale wa pili hazitoki kwake, na ratili ya nyama iliyowekwa rehani iko kwenye kifua cha mtu mwingine.

Ukisikiliza wauza matumaini wetu wa siku hizi utaona wengi ni watoto wa Bassanio. Umepoteza? Hiyo ni karo tu ya maisha. Umefundishwa. Songa mbele, wakati wa kuomoka ni sasa. Sikatai kwamba hasara hufundisha. Ila karo huwa imelipwa na mtu. Kabla sijakupongeza kwa somo, ningependa kujua kama iliyoliwa ilikuwa pesa yako au ya chama cha mamako.

Swali hilo la nani amelipa limeulizwa vizuri zaidi na hadithi ambayo tumeizoea hadi hatuisikii: mwana mpotevu, Luka sura ya 15. Wahubiri hutupeleka mbio kwenye kumbatio la baba. Mimi huisoma kama mhasibu. Baba ameshagawanya mali. Mdogo amechukua sehemu yake, ameimaliza mbali. Anaporudi, anavikwa vazi na pete, ndama aliyenona anachinjwa. Kaka mkubwa anakataa kuingia ndani, na baba anatoka nje kumwambia kwamba vyote alivyo navyo ni vyake yule mkubwa. Hilo ndilo tatizo lenyewe! Kama vilivyobaki vyote ni vya mkubwa, basi ndama yule pia ni wake, na hakuna aliyemwuliza. Karamu ya msamaha imepikwa na sehemu ya mtu aliyekuwa shambani. Kila mzaliwa wa kwanza anayesoma hapa, anayemlipia mdogo wake karo ya chuo mara ya pili, anajua kwa nini jamaa alisimama nje.

Sisemi baba alikosea. Nasema hadithi ina uaminifu ambao mahubiri mengi huukata: msamaha una bei, na bei hiyo inamwangukia mtu mwenye jina. Tena tazama mdogo anavyorudi. Akiwa bado kule kwa nguruwe anaandaa maneno ya kumwambia baba, na katika maneno hayo yamo ombi la kazi: achukuliwe kama mmoja wa vibarua. Anakuja akiwa tayari kusema na tayari kufanya kazi, kwa mpangilio huo. Hakungoja mpaka awe na pesa za kurudisha ndipo aanze safari. Angengoja, angekuwa bado kule. Mathilde angepaswa kuwa jirani yake.

Kitabu kimoja cha kundi la mawaidha ambacho kinastahili kusomwa kwa jicho hili ni The Richest Man in Babylon cha George Clason, cha mwaka 1926. Ninakisoma kwa tahadhari, kwa sababu hadithi zake zilianza kama vijitabu vilivyogawiwa na mabenki na kampuni za bima, na benki ikikugawia hadithi bure jiulize inauza nini. Lugha yake ya kujifanya ya kale inachosha pia. Lakini ndani yake kuna Dabasir, mfanyabiashara wa ngamia, ambaye ujanani alikopa, akashindwa, akatoroka Babeli, akaishia mtumwa. Anapopata njia ya kurudi, hana kitu. Na kabla hajalipa yeyote, anawazungukia wanaomdai mmoja mmoja, anawaambia ana nini na atatoa kiasi gani: sehemu mbili kati ya kumi za kipato chake kwao, moja ya kuweka, saba za kuishi. Wengine wanamtukana. Anaendelea na mlango unaofuata. Watu hunukuu zile asilimia. Mimi naona asilimia ni za kawaida. Kilicho kigumu ni ule mzunguko wa kubisha hodi mikono mitupu.

Sasa, nikiuliza fasihi yetu wenyewe inampa nini mtu wa aina hiyo, nakuta ghala lina upande mmoja. Chukua methali. Kukopa harusi, kulipa matanga. Majuto ni mjukuu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Maji yakimwagika hayazoleki. Zote ni za kweli na zote zimesimama na yule aliyeonya. Zinatamkwa na mtu aliyekaa kwenye kiti kizuri akimtazama aliye chini. Ninayoikuta upande wa pili ni kupotea njia ndiko kujua njia, nayo inatumika zaidi kwa wasafiri na wapenzi kuliko kwa waliouza ng'ombe wakanunua hewa.

Au chukua Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, unaokadiriwa kuwa wa mwanzo wa karne ya 19. Najua mada yake ni kubwa kuliko deni: ni kufa, na upuuzi wa kuitegemea dunia. Lakini picha zake ni za utajiri uliokwisha. Majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na sahani za kaure yamebaki na popo, na ndege wanalala kwenye vidaka. Dunia ni kisima kisicho na ukingo, kina ndama dume anayempiga pembe kila asogeaye, asinywe. Na anayeambiwa yote haya ni moyo wa mshairi mwenyewe. Hilo hunigusa kila mara. Mtu amekaa uso kwa uso na moyo wake na kuuliza: ulikuwa unafikiria nini? Ni ujasiri ambao akina Loisel hawakuwa nao. Ila sauti tunayoisikia karibu muda wote ni ya anayehoji. Moyo umekaa kama mtoto aliyeitwa ofisini. Nimewahi kutamani unyanyue kichwa useme, nilikuwa naogopa, au, kila mtu alikuwa ananunua.

Hilo la kila mtu alikuwa ananunua linanileta kwa kware. Walio wadogo sana hawatakumbuka, lakini mwaka 2013 na 2014 Kenya iliingiwa na wazimu wa kware. Mayai yake yalisemekana kutibu karibu kila kitu, yai moja dogo likauzwa mara kadhaa ya bei ya yai la kuku, na watu wakapiga foleni kuchukua leseni za kuwafuga kutoka Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Watu wenye akili, walimu, wahasibu, wastaafu, wakajenga vizimba. Kisha kila mtu akawa muuzaji na mnunuzi hakuwepo. Bei ikaporomoka. Ndege wakaliwa, wakaachiliwa, wakasahauliwa.

Nasema wakasahauliwa lakini si kweli, kwa sababu kware ndio utani ambao watu wa rika hilo wanapendana nao hadi leo. Mtaje kware kwenye sherehe yoyote na mtu atacheka, kisha atasema alikuwa na mia tatu. Atasema mbele ya mkewe. Wakati huohuo mtu huyohuyo hawezi kutaja alichopoteza kwenye apu ya kubeti mwaka jana, hata kwa ndugu yake, hata kiwe kidogo kuliko kile cha vizimba. Nimelifikiria hili sana. Pesa ni zilezile. Tofauti ni kwamba kware tulipoteza pamoja, mchana kweupe, na hasara ikawa hadithi kabla haijapata muda wa kuwa siri. Mkeka unachanika ukiwa peke yako kitandani, taa imezimwa, mwangaza wa simu usoni. Hakuna wa kucheka naye.

Na hapa nina lawama kwa waandishi, mimi nikiwa karibu nao. Riwaya ya kware iko wapi? Tumeandika wezi wa mali ya umma vizuri sana, wanasiasa walafi, matajiri wa ghafla na anguko lao. Tunayo hata wale maskini wema wanaodhulumiwa. Katikati, huyu mtu wa kawaida ambaye hakuibia mtu wala hakuibiwa kimabavu, aliyehesabu vibaya tu, tumemwachia wachekeshaji na wachungaji. Wachekeshaji wanamtendea haki zaidi, kwa maoni yangu, kwa sababu angalau wanamruhusu aongee. Akiingia kwenye riwaya leo, nahofia tutampa sura moja ya tamaa na sura tatu za adhabu, kisha mzee mmoja atoke mahali na methali. Ningependa kusoma kitabu ambamo anguko limetokea ukurasa wa 20 na kurasa nyingine zote ni za siku zinazofuata: kwenda kwa mkuu wa chama, kukaa kimya kwenye matatu, kumwambia mtu wa kwanza, kumwambia wa pili, kulipa mia tano tano, kucheka kwa bahati mbaya siku moja na kujishtukia.

Maupassant mwenyewe hakuandika kitabu hicho. Alikuwa anataka ule mshtuko wa mwisho, akaupata, na miaka kumi akaikunja. Hata hivyo ameacha mlango mmoja wazi, nao ni mume. Hakuna usomaji wa La Parure niliokutana nao unaomwuliza Loisel lolote. Ametoa faranga 400. Ametoa urithi wa baba yake. Ametoa usiku wa miaka kumi kwa sou tano ukurasa. Na ile barua ilikuwa wazo lake. Kama Mathilde alikuwa na kitu cha kujisamehe, huyu alikuwa na kikubwa zaidi, maana mke alipoteza mkufu lakini mume ndiye aliyepoteza ile asubuhi ambayo jambo lingeweza kusemwa. Hatumwoni akimlaumu mkewe. Hatumwoni akijilaumu. Labda alishajisamehe mapema, kimya kimya, ndipo akaweza kuinamia meza ya kunakili kila usiku. Labda hakupata hata nafasi ya kujiuliza. Siku ya Champs-Élysées hayupo. Hatujui mke alirudi nyumbani akamwambiaje. Nimeirudia hadithi mara kadhaa nikitafuta kama ile bunduki ya Nanterre inatajwa tena baada ya ukurasa ule wa kwanza wa nguo. Haitajwi.